UZI: Kabla hujafunga begi la kushuka Sipi na baiskeli, jiulize fundi wa senta ana nini

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

Wadau, salaam. Mwenzetu mmoja wa kundi la Jumamosi ameniomba orodha ya vitu vya kubeba. Mwezi ujao anataka kushuka njia za Sipi, ubavuni mwa Mlima Elgon, kwa mara ya kwanza. Nikaanza kumwandikia, ikawa ndefu, nikaona bora niilete huku tubishane wote. Vuta kiti.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipotoka Sipi kuteremka kuelekea tambarare ya Muyembe, begi langu lilikuwa zito kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Mle ndani mlikuwa na pampu ya mguu, spana za kila namba, nyundo ndogo (naapa), chupa mbili za oili, majaketi mawili na mkate mzima wa slesi. Nilijipanga kama mtu anayehama nyumba. Tukiwa katikati ya mashamba ya kahawa nikabadilisha gia huku nakanyaga kwa nguvu zote, kijiti kikadakwa na mnyororo, kibadilisha gia cha nyuma kikavutwa ndani ya spoki, na kile kipande cha alumini kinachokishikilia kwenye fremu, chenyewe tunakiita hanga, kikakatika. Nikamwaga begi lote kwenye nyasi. Hamkuwa na hata kitu kimoja cha kunisaidia.

Nikasukuma mpaka senta (kijiji chenye maduka) ya kwanza. Chini ya mwembe, kama kawaida, palikuwa na mzee fundi wa baiskeli. Nikamwambia, "Mzee, habari ya kazi." Akaitazama baiskeli kwanza, mimi baadaye. Akaushika mnyororo kwa vidole viwili, akasema, "Kijana, hii ni nyororo au mkufu wa bibi harusi?" Kisha akachukua msumari na nyundo (yake ilikuwa nyundo kweli, si kama yangu), akaitoa pini, akaufupisha mnyororo na kuufunga moja kwa moja kwenye gia moja ya nyuma, bila kupitia kwenye kibadilisha gia. Nikafika Muyembe kwa gia moja. Kila penye mwinuko nilishuka nikasukuma, maana pini ya mnyororo wa kisasa ikishagongwa ikatoka haishiki tena kama mwanzo.

Tangu siku hiyo nafunga begi kwa swali moja tu: nikikwama, fundi wa senta ijayo ana nini? Alichonacho sikibebi, au nakibeba kidogo. Asichonacho ndicho kinachoingia begini.

Sasa hebu tumtazame huyo fundi. Uganda hii huwezi kwenda mbali kabla hujamkuta, kwa sababu baiskeli ndiyo inayobeba matoke, makaa, jeri kani za maji na wanafunzi. Ana pampu, solusheni, viraka alivyokata kwenye tyubu kuukuu, spana, misumari, spoki za ile baiskeli kubwa nyeusi ya 28, na ana mikono yenye uzoefu wa miaka. Pancha hakuna anayemshinda.

Hana hanga ya fremu yako. Hana kiungo cha haraka cha mnyororo wa gia 10, 11 au 12, na viungo hivyo havichanganywi, kila idadi ina chake. Mara nyingi hana funguo za alen, na baiskeli ya milimani karibu yote imefungwa kwa alen, hasa namba 4, 5 na 6, pamoja na ile ya nyota T25 ya skrubu za sahani za breki. Hana pedi za breki za sahani. Hana tyubu yenye valvu nyembamba.

Kwa hiyo mfuko wangu wa chini ya siti una hivi: hanga ya akiba, viungo viwili vya mnyororo, kidude cha funguo za kukunja chenye kikatia mnyororo ndani yake, pedi jozi moja, tyubu moja, vijiko viwili vya kutolea tairi, kipande cha tairi kuukuu urefu wa kidole cha kuweka ndani pakitokea mpasuko, na kifaa kidogo cha shaba nitakachokieleza. Pampu ndogo imefungwa kwenye fremu. Basi. Nyundo iko nyumbani.

Kifaa cha shaba: valvu nyembamba za baiskeli zetu haziingii kwenye pampu za boda wala kwenye mashine za upepo za vituo vya mafuta. Ukiskrubu hicho kifaa juu yake, valvu inakuwa kama ya gari. Kikubwa kidogo kuliko punje ya hindi, na kimeniokoa mara mbili. Vinunueni viwili, kimoja kitapotea.

Kuhusu hanga, usinunue kwa kukisia. Karibu kila fremu ina umbo lake. SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli, walileta hanga ya pamoja, UDH, mwaka 2019, na watengenezaji wengi wameifuata, lakini baiskeli nyingi zinazoletwa kwetu zikiwa zimeshatumika ni za zamani kuliko hapo. Fungua yako, ilinganishe tundu kwa tundu.

---

Busia_Mpakani

Mkuu umeandika vizuri ila umetudharau kidogo sisi wa 28. Busia ndiko boda boda ilikozaliwa, na ilizaliwa ikiwa baiskeli, tunavusha watu kutoka mpaka mmoja kwenda mwingine kabla pikipiki hazijaja kutunyang'anya jina. Mimi nimeshuka hiyo njia yako na 28, breki za vyuma, bila begi. Nilikuwa na solusheni mfukoni na chapati.

Halafu niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Watu wa baiskeli za magurudumu ya inchi 29 wakipasuka tairi wanadhani tairi ya 28 itakuwa ndogo kidogo, waivute iingie. Kinyume chake! 28 yetu ile ya 1½ inakaa kwenye rimu ya milimita 635, 29 yenu inakaa kwenye 622. Yaani 28 ni kubwa kuliko 29. Aliyezipanga hizo namba alikuwa na hasira na mtu. 26 ni 559, 27.5 ni 584. Msihangaike kuuliza tairi senta, shoneni mliyonayo.

---

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

@Busia_Mpakani sijadharau mtu, ssebo. Wewe fundi wa kila senta ni ndugu yako, ndiyo maana hukuhitaji begi. Hoja yangu ni hiyohiyo.

Na la namba umesema kweli. Tyubu pia ina mtego: rimu nyingi za kisasa zina tundu jembamba la milimita 6 na nusu hivi, hivyo tyubu ya fundi yenye valvu nene haipiti hata ukiilazimisha. Ile nyembamba ndiyo inayoweza kukaa kwenye tundu nene. Kwa hiyo tyubu yako utoke nayo nyumbani, na uifunge kwenye kitambaa au soksi, si kuitupa tu begini pamoja na funguo. Nimewahi kutoa tyubu "mpya" iliyotobolewa na funguo zangu mwenyewe.

---

Mgeni_Njiani

Mimi ndiye mwenyewe niliyeomba orodha, asante sana kaka. Swali: maji nibebe kiasi gani? Na chakula? Nasikia njiani kuna vijito vingi vinavyotoka mlimani, si naweza kujaza humo?

---

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

Nusu siku natoka na lita mbili, moja mgongoni na nyingine imegawanywa kwenye chupa mbili. Jua likiwaka mtu mzima anaweza kumaliza nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, hivyo hizo mbili ni za kukufikisha senta, si za siku nzima.

Vijito: vinapendeza, lakini juu ya kila kijito kuna nyumba, ng'ombe na mtu anafua. Usinywe hivyohivyo. Vidonge vya klorini havina uzito wowote, tia, subiri nusu saa. Kama maji ni ya tope, yachuje kwanza kwa kitambaa.

Jambo dogo ambalo orodha za mtandaoni hazilitaji: mdomo wa chupa. Njia zetu zina samadi, gurudumu la mbele linairusha moja kwa moja kwenye chupa iliyo kwenye fremu. Nunua chupa yenye kifuniko juu ya mdomo, au uivishe kavera (mfuko wa plastiki).

Chakula ndiyo raha ya kuendesha Uganda. Usijaze begi biskuti. Asubuhi kabla ya kuanza, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) mbili, moja ule, moja ikunjwe kwenye gazeti iende mfukoni. Njiani kuna ndizi mbivu, gonja (ndizi kubwa) ya kuchoma, kabalagala (vikeki vya ndizi), karanga, mayai ya kuchemsha. Mimi nabeba karanga zenye chumvi na ndizi mbili ndogo tu kwa ajili ya pale katikati pasipo na kitu. Na noti ndogondogo! Mama wa gonja hana chenji ya elfu hamsini, na pesa za simu zinategemea mtandao ambao bondeni haupo.

---

Sista_wa_Zamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, na Jumapili nyingi nawapokea watu wa aina yenu, kwa hiyo ngoja niseme.

Mnazungumza hanga, hanga, na sijaona aliyetaja mtu akianguka. Swali la kaka ni zuri, basi liulizeni na upande huu: zahanati ya kijijini ina nini? Ina dawa za kuosha kidonda, bandeji na chanjo ya pepopunda mara nyingi. Haina cha kukufikisha pale. Hicho ndicho mbebe.

Kitambaa cha pembetatu, kikubwa. Mwendesha baiskeli akirushwa mbele anatua kwa mkono au bega, na mfupa wa mtulinga ndio unaovunjika. Ukishaufunga mkono kifuani kwa kile kitambaa, anaweza kutembea hadi barabarani. Leso ya mama (kanga) inafaa kabisa. Chachi nene za kukandamizia damu, bandeji moja ya kuvuta, glavu mbili, plasta. Damu ikitoka, kandamiza dakika kumi bila kufunuafunua kuchungulia. Kidonda cha kuserereka kwenye marramu kioshe kwa maji safi mengi mpaka mchanga utoke, hata kama mwenzako anapiga kelele.

Aliyepiga kichwa, kisha akatapika, akauliza swali moja mara tatu, au akasinzia, safari yake imeisha. Haendeshi hata kama anasisitiza yuko sawa. Na helmeti iliyopigwa chini kwa nguvu haivaliwi tena, hata kama kwa nje haina ufa.

Nyoka: msikate, msinyonye, msifunge kamba kukaza. Mtulizeni, kiungo kisitikisike, boda, hospitali.

Pakiti mbili za ORS, kila moja kwa lita moja ya maji. Zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, vijiko bapa, sio vya kilima. Na acheni kumeza brufeni mkiwa mmekaukiwa maji, figo zenu hazitawashukuru.

Namba za dharura ni 999 na 112. Lakini nawaambia ukweli, kule bondeni boda ndiye ambulansi wa kwanza. Muwe na namba ya boda wa eneo hilo kabla hamjaanza kushuka.

---

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

Sista, nimepigwa na nimekubali. Leso inaingia begini leo.

---

Bombo_Kwetu

Mimi napinga hoja kuu ya uzi. Fundi yupo kila senta, sawa, Elgon watu ni wengi. Nenda Hifadhi ya Ziwa Mburo uone. Pale ni pundamilia na migunga, na mwiba wa mgunga hauulizi tairi yako ni ya bei gani. Siku moja nilihesabu pancha nne kwa gurudumu moja kabla ya saa nne asubuhi. Fundi yupi huko?

Na mnapoteza muda na tyubu. Wekeni tairi lisilo na tyubu, na ule uji mweupe wa mpira ndani yake. Mwiba unaingia, uji unaziba, unaendelea. Tangu nimehamia huko sijawahi kurudi nyuma.

---

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

@Bombo_Kwetu hujanipinga, umenijibu. Swali ni fundi wa senta ijayo ana nini. Mburo jibu ni kwamba senta ijayo haipo, basi unabeba tyubu mbili, viraka vya kutosha na solusheni yako. Angalia hiyo solusheni kabla hujatoka, tyubu yake ikishafunguliwa mara moja inakaukia humohumo.

Kuhusu uji, mimi pia ninao. Lakini kwa joto letu unakauka ndani ya miezi michache, na watu wanaujaza Januari wakitegemea utawaziba Desemba. Mwenzetu mmoja alifungua tairi akakuta mipira midogo ya mpira mkavu kama maharage. Tikisa gurudumu sikioni, usiposikia maji yakicheza, ongeza. Na hata mwenye uji abebe tyubu moja, kwa sababu mpasuko wa jiwe hauzibwi na uji.

Kabla hujaingiza tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi polepole. Mwiba bado upo. Pancha ya pili ya siku karibu kila mara ni mwiba uleule wa pancha ya kwanza.

---

Mama_Gia

Jamani wanaume mmeandika kurasa tatu na hakuna aliyetaja mvua. Banange! Elgon asubuhi jua, saa nane mchana wingu limekaa juu ya kichwa chako. Machi mpaka Mei, na tena Septemba mpaka Novemba, koti jepesi la mvua halitoki begini kwangu. Si kwa ajili ya kulowa tu. Ukilowa huku umetoka jasho, halafu ukasimama nusu saa kuziba pancha kule juu, unatetemeka mpaka vidole vinakataa kushika valvu.

Na ule udongo mwekundu ukilowa unakuwa posho (ugali). Unajaza kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu halizunguki. Mimi nabeba kijiti bapa cha mti, kile cha kukoroga uji, cha kuchokonolea. Kimenifaa kuliko vitu vyangu vyote vya dukani.

Tochi ya kichwani hata kama mnarudi mchana. Kila safari iliyonikuta gizani ilipangwa kuisha saa tisa. Kwetu saa moja na robo jioni huoni hata gurudumu lako mwenyewe. Simu kwenye kavera mbili, ramani umeshaipakua nyumbani, na pawabanki ndogo. Filimbi kwenye kamba ya begi, mipulizo mitatu ni kuomba msaada. Dada zangu, pedi za ziada na karatasi kwenye mfuko mkavu, na jaketi la kujifungia kiunoni, maana vichaka vya kahawa vina wenyewe.

Mwisho, mipira. Ile kamba ya tyubu iliyokatwa ambayo boda wanafungia mizigo. Mita mbili. Unafunga baiskeli juu ya boda, unafunga begi lililokatika mkanda, unafunga kiatu kilichofumuka.

---

Busia_Mpakani

Mipira! Hatimaye mtu amebeba kitu cha maana.

---

Mgeni_Njiani

Nimeandika yote. Sasa nimebaki na mawili. Navipangaje? Na hizo pedi za breki kweli nahitaji? Baiskeli nimeinunua juzi, breki zinashika vizuri.

---

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

Kupanga: kizito kikae chini na karibu na mgongo, la sivyo kwenye kona begi linakuvuta kama mlevi uliyembeba. Vya kutengenezea vikae kwenye baiskeli, si mgongoni, ukianguka hutaki funguo zikuchome uti wa mgongo. Leso na chachi za Sista ziwe juu kabisa, mtu mwingine aweze kuzipata bila kukuuliza, kwa sababu huenda wewe ndiye uliyelala chini. Koti linafuata. Kisha litikise begi. Likilia, kuna kitu kinasuguana na kitatoboka.

Pedi: ndiyo. Zile laini zikikutana na mchanga na maji ya tope zinaweza kuisha kwa siku moja ya kushuka. Kushuka kwenyewe ni jambo la zamani kwenye mchezo huu. California mwaka 1976 vijana walikuwa wakishindana kushuka mlima mmoja karibu na Fairfax kwa baiskeli nzito zenye breki za kukanyaga nyuma. Breki zilipata moto mpaka grisi ikaungua ikawa moshi, na baada ya kila mshuko walilazimika kufungua kitovu cha gurudumu na kukipaka grisi upya. Ndiyo maana mbio zile ziliitwa Repack, yaani kujaza grisi upya. Breki zako za sahani hazitatoa moshi wa grisi, lakini ukizishikilia muda wote kuanzia juu zitapata moto na kupoteza nguvu. Kamata, achia, kamata, achia. Na usiiguse sahani ukifika chini. Mimi niliigusa.

Tukiingia ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon kuna malipo ya UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda) na askari wa wanyamapori wa kutuongoza, kwa hiyo kitambulisho chako uwe nacho. Njia tutakayopita sisi inabaki mashambani, nje ya hifadhi, ila kitambulisho kibebe tu.

Umeshaifungua hanga?

---

Mgeni_Njiani

Nimeifungua sasa hivi. Ina tundu mbili na nundu upande mmoja, imeandikwa namba lakini imefutika nusu. Kwenye picha za dukani naona zinazofanana tatu.

---

Gia_ya_Kwanza (Mbale)

Usinunue yoyote kati ya hizo tatu. Iweke juu ya karatasi, ichore kwa kalamu ya risasi pande zote mbili, pima upana wa tundu kwa rula, kisha irudishe mahali pake. Karatasi njoo nayo Alhamisi jioni, nina kopo la hanga kuukuu tutalinganisha. Na njoo na ile helmeti yako niione, nakumbuka ulisema ni ya kuazima.